Ubani, Kilemba na Mkaja

Apendaye kujua jinsi fedha ilivyoingia katika michango ya nyumba za Waswahili, na ayatazame maneno yenyewe. Ubani ni utomvu wa kufukiza. Kisha likawa jina la fedha wapewazo wafiwa. Kilemba ni nguo ya kichwani, na mkaja ni nguo ajifungayo mzazi tumboni. Zote mbili zikawa fedha za arusi. Kitu kimeondoka, jina limebaki.

Pwani ilikwisha izoea reale ya Maria Theresa kabla ya rupia. Bara, katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na polepole milango mingi ikalazimika kutafuta sarafu. Shilingi ilifuata mwaka 1921.

Sisi hatuilaumu fedha, maana sanda hununuliwa. Twalilaumu daftari. Zamani asiye na kitu alileta kuni, au alichimba kaburi, naye akahesabiwa katika wachangaji. Siku hizi husomwa majina na shilingi tu. Tumemwona mjane akiuza kuku wake wawili wa mwisho, jina lake lisikosekane. Kaburi lenyewe walilichimba wanawe, wala hapana aliyeliandika hilo.