Tuelewe: mafuta inayogeuza usukani wa meli

Kapiteni anageuza gurudumu kwa mkono mmoja, na meli nzima inafuata. Ile nguvu inatoka wapi? Kwa meli kubwa, na hata boti nyingi za kisasa, inatoka ku mafuta ya haidroliki.

Namna inafanya kazi
Pompe inasukuma mafuta mu tiyo mpaka ndani ya silinda. Mle, mafuta inasukuma pistoni, na usukani ulio chini ya maji unageuka. Mafuta haibanwi kama hewa, ndiyo sababu usukani unajibu palepale. Hewa ikiingia mu tiyo, gurudumu linakuwa laini na meli inachelewa kugeuka.

Funzo la Amoco Cadiz
Tarehe 16 Machi 1978, karibu na pwani ya Bretagne, Ufaransa, mawimbi yakiwa makali, mafuta ya usukani wa meli hii ilivuja. Mafundi walijaribu kutengeneza, wakashindwa. Usiku ule meli ilikwama ku miamba ya Portsall. Tani zaidi ya 200 000 za petroli ghafi zikamwagika baharini.

Kisha hapo, mwaka 1981, mkataba wa SOLAS ulikazwa. Meli kubwa mpya za kubeba petroli zinapaswa kuwa na njia ya pili: upande mmoja ukiharibika, usukani urudi kufanya kazi ndani ya sekunde 45. Tena, meli ikiwa na mwendo wake wote, usukani utoke digrii 35 upande mmoja ufike digrii 30 upande mwingine kwa sekunde 28, si zaidi.

Kuokoa nguvu
Pompe za zamani zinazunguka wakati wote. Mafuta isiyotumika inarudi ku tanki, na nguvu inapotea kuwa joto. Mafuta yenye joto inakuwa nyepesi, inavuja kwa urahisi. Pompe inayotoa tu kipimo kinachohitajika inapunguza hasara hiyo.

Mbele ya kungoa nanga
Ku ziwa Kivu ao Tanganyika, mawimbi hayangojei fundi. Kwa boti yenye usukani wa aina hii, mambo ni manne: kuangalia kipimo cha mafuta, kupapasa tiyo kama zimelowana, kugeuza usukani mpaka mwisho kila upande, na kujaribu njia ya pili. Ile ya pili ikikataa bandarini, heri safari ingoje.