Baruti nyeusi na moshi uliowafichua askari wa Tanga

Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ndiyo iliyojazwa katika risasi za bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Silaha hiyo ya Kijerumani, yenye mtutu wa milimita 11, ilikuwa bado mikononi mwa askari wengi wa jeshi la kikoloni la Wajerumani katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914.

Risasi yake ilikuwa nzito, takriban gramu 25. Tatizo lilikuwa moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo haigeuki gesi inapoungua, bali hutoka kama wingu jeupe au kuganda mtutuni. Askari akifyatua mara moja tu kutoka kichakani, adui alijua alipo. Haishangazi kwamba bunduki za kisasa zaidi ya 400 zilizoachwa na Waingereza zilipokewa kama neema, kwani baruti isiyo na moshi ilikwisha kubuniwa na Mfaransa Paul Vieille tangu mwaka 1884.

Hata hivyo wapenzi wa bunduki za kale, hususan Marekani, huyajaza upya maganda ya shaba yaliyotumika kwa baruti nyeusi ileile, baada ya kuyatia fataki mpya. Moshi wanauvumilia kwa sababu ya usalama: baruti ya kisasa ikijazwa kwa kipimo kilekile, shinikizo lake huweza kuupasua mtutu wa kale usoni mwa mpigaji. Wala haiachwi nafasi ya hewa kati ya baruti nyeusi na risasi, maana nayo huharibu mtutu.