Maneno Kati ya Nyimbo: Historia ya Kipindi cha Vijana Redioni Kigali

Katika vituo vingi vya redio mjini Kigali, kipindi cha muziki cha vijana ndicho kinachopewa heshima ndogo kuliko vyote. Taarifa ya habari ina mhariri, na mjadala wa siasa huandaliwa kwa tahadhari kubwa. Kipindi cha jioni cha muziki huachiwa kijana mwenye sauti tamu na orodha ya nyimbo, kwa imani kwamba muziki hauwezi kumdhuru mtu. Historia ya mji huu inaikana imani hiyo. Ufundi wa kuwavuta vijana redioni kwa nyimbo motomoto, utani, lugha ya mtaani na mtangazaji anayejifanya rafiki ya kila mtu ulikomaa Kigali mikononi mwa watu waliokuwa wakiandaa njia ya mauaji ya kimbari. Ufundi huohuo ulifufuliwa miaka kumi baadaye kwa nia njema, na leo ndio unaowaajiri mamia ya vijana. Nadai kwamba kazi ya mtayarishaji wa kipindi cha namna hii haijawahi kuwa kuchagua nyimbo peke yake. Uzito wa kazi hiyo umekuwa katika kuamua ni nini kinasemwa wimbo mmoja unapokwisha na mwingine haujaanza.

Radio Rwanda ilianza kurusha matangazo mwaka 1961, nchi ikiwa inakaribia uhuru wa 1962, na kuanzia 1974 ikawa chini ya ORINFOR, ofisi ya serikali iliyosimamia vyombo vya habari vya umma. Ilisema kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili, na sauti yake ilikuwa sauti ya serikali: pole, rasmi, isiyo na mzaha mwingi. Hata hivyo ilitunza muziki. Bendi kama Orchestre Impala zilipata jina nchi nzima kupitia mawimbi yake, na nyimbo za zama hizo, ambazo Wanyarwanda huziita karahanyuze, bado zinapigwa. Mwimbaji wa Impala, Sebanani André, alijulikana pia kama mwigizaji wa michezo ya redio. Ila kijana wa Kigali aliyetaka rumba ya Kinshasa kwa saa nzima, au mtangazaji anayeongea kama rafiki zake wa kijiweni, hakuwa na kipindi cha kumtosha. Na sauti rasmi nayo haikuwa salama. Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma mara kadhaa taarifa ya uongo iliyodai kwamba Watutsi wanapanga kuwaua viongozi wa Kihutu, na huko Bugesera, kusini mwa Kigali, mamia ya watu wakauawa. Mkuu wa ORINFOR wakati huo, Ferdinand Nahimana, aliondolewa kwenye cheo chake. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio mpya, na redio hiyo ilikwenda kuziba pengo lile ambalo Radio Rwanda ililiacha wazi.

Redio hiyo ni RTLM (Radio Télévision Libre des Mille Collines), iliyoanza kurusha matangazo Kigali tarehe 8 Julai 1993. Wanaoikumbuka kwa miezi yake ya mwisho husahau jinsi ilivyoingia. Miezi ya kwanza ilijaa muziki, hasa wa Kikongo, na watangazaji walioongea bila karatasi, wakacheka hewani, wakawataja wasikilizaji kwa majina na kuwaruhusu kupiga simu. Kantano Habimana, sauti yake iliyopendwa kuliko zote, alikuwa mcheshi wa kweli, na ucheshi huo ndio uliomfungulia milango ya baa, teksi na vibanda vya sokoni. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, kauli zilizidi kuwa kali, lakini mtindo haukubadilika. Chuki ilisemwa kwa sauti ileile ya kirafiki, katikati ya nyimbo zilezile. Nyimbo za mwimbaji Simon Bikindi zilipigwa mara kwa mara. Kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe walisimama vizuizini na redio ndogo mkononi, na RTLM ikawa inataja watu na mahali walipojificha. Kati ya waliouawa siku hizo walikuwemo wanamuziki waliolea masikio ya nchi nzima: Cyprien Rugamba aliuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao kadhaa, na Sebanani naye hakusalimika.

Hapa pana pingamizi zito, na si haki kulipita. Scott Straus, mtafiti aliyewahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji, aliandika mwaka 2007 kwamba uwezo wa RTLM umekuzwa mno: mawimbi yake hayakufika kila mahali, na wengi wa washiriki waliingizwa na watu waliowajua, uso kwa uso, wala si na sauti ya redioni. David Yanagizawa-Drott, akilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi na yale yaliyozibwa na milima, alikadiria mwaka 2014 kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki inaweza kuhusishwa na redio hiyo. Asilimia 10 ya jambo la kutisha kiasi hicho ni watu wengi sana, lakini nakubali kwamba haimfanyi mtangazaji kuwa mchawi anayewaamrisha watu kwa sauti. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilikuwa makini juu ya hilo. Bikindi alipohukumiwa miaka 15 mwaka 2008, hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatoa barabarani kwa kipaza sauti mwezi Juni 1994.

Basi, kama redio haiamrishi, inafanya nini? Jibu bora zaidi ninalolijua lilipatikana Rwanda kwenyewe. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianzisha Musekeweya, mchezo wa redio unaosimulia ugomvi na mapatano ya vijiji viwili. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia waliousikiliza kwa mwaka mzima, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya, na mwaka 2009 akachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikra zao juu ya kile ambacho jamii inakiona kuwa sawa, na pamoja na hicho, baadhi ya matendo yao: walikuwa tayari zaidi kupingana waziwazi na kushirikiana. Huo ndio ufunguo wa kuelewa kipindi cha muziki cha vijana. Msikilizaji wa miaka 17 haendi redioni kutafuta itikadi. Anakwenda kujua wenzake wanapenda nini, wanacheka nini, wanamdharau nani. RTLM iliwashawishi vijana kwamba kumcheka na kumtenga jirani ni jambo la kawaida, na ilifanya hivyo kwanza kwa vicheko. Utafiti wa Straus na wa Paluck, nionavyo, haupingani. Mmoja unatuambia kwamba watu waliingizwa na wenzao, na mwingine unatuambia kwamba redio hujenga picha ya wenzao hao wanataka nini.

Baada ya 1994 serikali mpya ilijibu kwa kufunga mlango. Kwa takriban miaka kumi hapakuwa na redio binafsi ya Kinyarwanda hewani Kigali. Sheria ya vyombo vya habari ya 2002 ndiyo iliyofungua njia, na mwaka 2004 vituo vya kwanza vikaanza, miongoni mwao Radio 10, Flash FM na Contact FM. Mji uliovipokea haukuwa ule wa 1993. Maelfu ya familia zilikuwa zimerudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire, na vijana wao walikuja na Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili na Kiganda, na muziki wa huko walikotoka. Nyamirambo, kitongoji cha Kiswahili tangu zamani, kiliendelea kusikiliza taarabu na bongo fleva bila kuhitaji mkalimani. Mtayarishaji wa kipindi alikuwa na swali jipya la kila siku: awapigie nani, kwa lugha gani? Kwa miaka ya mwanzo jibu la wepesi lilikuwa Marekani, Jamaika na Kampala. Wimbo wa Mnyarwanda ulipata nafasi ya kuziba tundu.

Kilichogeuza mambo kilikuwa uamuzi wa kihariri, na sioni sababu ya kuuita bahati. Radio Salus, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare kwa msaada wa UNESCO, iliweka wanafunzi kwenye mitambo na kuwapa wasanii wachanga muda wa kusikika. Baadhi ya waliofunzwa pale walihamia vituo vya Kigali na tabia hiyo. Watangazaji wakaanza kuwasema hewani wasanii walionakili midundo ya kigeni na kubandika maneno ya Kinyarwanda. Sheria ya 2009 ya hakimiliki ikampa mtunzi msingi wa kudai chake, ingawa kuvilipisha vituo vya redio kumekuwa mvutano wa muda mrefu. Mwaka 2011 kampuni ya bia ya Bralirwa ikaanzisha shindano la Primus Guma Guma Super Star, na majina ya washindi wake, kuanzia Tom Close, King James na Riderman hadi Bruce Melodie mwaka 2018, ni majina ambayo redio ilikuwa imeyapika kwanza, mchana baada ya mchana. Shindano la kampuni ya bia lilivuna shamba ambalo watayarishaji walilipanda.

Tazama sasa kazi yenyewe ilivyo inapofanywa ipasavyo. Kipindi cha saa mbili au tatu huanza asubuhi, kwenye karatasi: wimbo wa kufungulia, wimbo mpya, mgeni wa leo, habari za wasanii, matangazo ya biashara, muda wa simu na ujumbe. Mtu mmoja husikiliza kila wimbo mpya hadi mwisho kabla haujaruhusiwa, kwa sababu ubeti wa tatu una tabia ya kuficha tusi. Mtu mwingine hupokea simu na kuzungumza na anayepiga kabla hajaunganishwa studio. Maswali ya mgeni huandikwa. Na karatasi hiyo ya Kigali ina sehemu ambayo haimo katika karatasi ya Nairobi wala ya Dar es Salaam: wiki ya Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa, kuanzia tarehe 7 hadi 13 Aprili, ambapo nyimbo za dansi hunyamaza na nafasi yake huchukuliwa na nyimbo za maombolezo na shuhuda. Mtangazaji wa miaka 24, aliyezaliwa baada ya yote hayo, hulazimika kila mwaka kuzungumza na wenzake bila mdundo wa kumsaidia. Kama amezoea kujificha nyuma ya muziki, wiki hiyo humuumbua.

Watetezi wa uhuru wa habari watasema kwamba karatasi hii ninayoisifu ni jina zuri la hofu. Wana ushahidi. Sheria ya itikadi ya mauaji ya kimbari ya 2008 ilishutumiwa na Amnesty International na wengine kwa kuwa na maneno mapana mno, na ilibidi irekebishwe mwaka 2013 na tena 2018. Kizito Mihigo, aliyekuwa sauti kuu ya hafla za kumbukumbu, alikamatwa Aprili 2014, muda mfupi baada ya kutoa wimbo uliowakumbuka wahanga wote, akahukumiwa miaka 10 mwaka 2015 kwa kula njama dhidi ya serikali, akasamehewa 2018, na Februari 2020 akafa katika mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema amejiua, na mashirika ya haki za binadamu yakadai uchunguzi huru. Hakuna mtayarishaji anayehitaji kuandikiwa barua ili aelewe kwamba orodha ya nyimbo ina uzito. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu yake kubwa. Lakini wanaolitoa wakati mwingine huchanganya mambo mawili. Kupanga ni kujua utasema nini na kwa nini. Hofu ni kuacha kusema. Watangazaji wa RTLM waliongea bila karatasi, na ulimi wao usiozuiwa haukumpa yeyote uhuru. Kwa upande mwingine, kipindi kinachokwepa kila swali gumu kwa kuongeza wimbo mwingine hakimfundishi kijana kupingana kwa amani, jambo ambalo Paluck alionyesha kwamba redio inaliweza.

Mfano mzuri wa njia iliyo kati upo. Mradi wa Ni Nyampinga, ulioanza mwaka 2011 kama jarida na kipindi cha redio cha kila wiki, uliwafunza wasichana wenyewe uandishi wa habari na kuwapa maikrofoni. Walizungumza juu ya hedhi, shule, fedha na unyanyasaji, mada ambazo mtangazaji wa kiume wa jioni angezigeuza kuwa utani. Maandalizi yake yalikuwa makali kuliko ya vipindi vingi vya burudani, na ndiyo yaliyowaruhusu kusema mengi zaidi.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba kijana ana simu na YouTube, na redio ni ya wazazi wake. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya Wanyarwanda wana umri chini ya miaka 30, na kweli wengi wao huusikia wimbo mpya kwenye simu kwanza. Lakini watangazaji haohao wa Kigali sasa wana chaneli zao mtandaoni, wakiwa na mtindo uleule wa utani na umbea, bila mtu wa kupokea simu wala wa kusikiliza ubeti wa tatu. Kwa wenye vituo na wenye chaneli, ombi ni moja. Mwajirini mtayarishaji, si sauti tu. Mpeni asubuhi ya kujiandaa, mamlaka ya kukata simu inayomtukana mtu kwa asili yake, na ruhusa iliyo wazi ya kuuliza swali gumu na kungoja jibu. Na mlipeni mshahara utakaomwezesha kukataa bahasha ya msanii anayetaka wimbo wake upigwe.