Dubu wa barafu mnamlilia, kifaru wa Nakuru je?

Kila mtu mtandaoni anamlilia dubu wa barafu. Ile video ya dubu mwembamba, mbavu zote nje, unaiona, unaweka emoji ya machozi, unasonga. Sina shida na hiyo. Lakini msee wa Lanet, hapo nyuma yako kuna fensi ya stima yenye hadithi karibu sawa na hiyo.

Turudi 1970. Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000. Elfu ishirini! Kufika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Haikuwa ukame wala ugonjwa. Ni pembe. Kule Yemen mwanamume wa heshima alivaa jambia kiunoni, na mpini wa bei ulichongwa kwa pembe ya kifaru. Pesa ya mafuta ilipofurika miaka ya 70, vijana wa Yemen waliofanya kazi Saudia wakaanza kumudu kitu ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa tu. Asia nako pembe ilisagwa kuwa dawa. Yaani mtu ananunua kisu Sanaa, mnyama anaanguka Tsavo.

Makaratasi yalikuwepo. 1973 nchi tano za kaskazini zilitia saini mkataba wa kumlinda dubu wa barafu, na kwake bunduki ikapungua kweli. Kenya nayo ikapiga marufuku uwindaji 1977. Majangili hawakusoma hiyo sheria.

Ndipo Nakuru ikazungushiwa fensi, na 1987 vifaru wakaletwa kutoka Solio. Ilifanya kazi! Walizaana hadi nafasi ikawa ndogo, na 2018 ikabidi wengine wahamishwe. Kumi na mmoja kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, wakakuta maji ya chumvi. Ukinywa hayo unapata kiu zaidi, unakunywa tena. Wote 11 wakafa, wa mwisho baada ya kushambuliwa na simba. Hiyo bado inaniuma, kwa sababu hakuna jangili wa kulaumu.

Na sasa maji tena. Tangu karibu 2010 ziwa limepanda, kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, mvua kubwa ikiwa sababu kuu. Geti kuu la zamani lilizama. Watu wa Mwariki walihama nyumba zao. Kifaru atahamia wapi? Mbuga yote ni kilomita za mraba 188, huku mji, kule mashamba. Dubu barafu inamyeyukia chini ya miguu, huyu wetu nyasi zinamzamia, na fensi iliyomwokoa ndiyo inamzuia kutoka.

Upande wa Elementaita kuna Soysambu, ardhi ya uhifadhi iliyopakana na mbuga. Mimi naona njia ya wanyama ifunguliwe huko sasa, kabla hatujaanza kuona mabango ya ploti. Mnasemaje, watu wa Nax?