Kiingereza cha mahakamani kilimtesa kwanza Mwingereza mwenyewe

Ndugu msikilizaji, mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani wa miaka mingi, alikwenda siku moja kumdhamini kijana wa ndugu yake aliyekuwa anakopa fedha za kuanzia biashara. Wadhamini walikuwa watatu. Zikaletwa karatasi, kurasa sita za Kiingereza chenye herufi ndogo kama chembe za mchanga. Wakaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, nao wakatia. Mzee akarudi nyumbani akijua kwamba mambo yakiharibika atalipa theluthi moja ya deni, na wenzake watalipa theluthi mbili zilizobaki.

Mambo yakaharibika. Kijana akahama mji. Mdhamini wa pili hakuwa na kitu cha kukamatwa, na wa tatu alikuwa hajulikani aliko. Barua ya madai ikamfikia mzee peke yake, na haikuwa ya theluthi. Ilikuwa ya deni lote.

Alipozipeleka karatasi zile kwa mtu ajuaye sheria, alionyeshwa maneno matatu tu: "jointly and severally". Binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akastaajabu. "Mbona sisi tulifundishwa kuwa 'several' maana yake ni kadhaa?" Hakukosea. Darasani na sokoni neno hilo lina maana ya kadhaa. Lakini katika karatasi ya sheria limebaki na maana yake ya kale, yaani mbali mbali, kila mmoja kivyake. Wadhamini wale walikubali kudaiwa wote kwa pamoja, na pia kila mmoja peke yake, kwa deni zima. Mwenye kudai huchagua mwenyewe nani wa kumfuata, na kwa kawaida humfuata yule mwenye nyumba. Aliyelipa anaweza baadaye kuwadai wenzake mafungu yao, ikiwa atawapata.

Mzee alichosema siku ile ni hiki: "Kosa ni langu, sikusoma." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichague mazungumzo ya wiki hii. Wengi wetu tukikutana na Kiingereza cha namna hiyo hujilaumu. Tunadhani Mwingereza anayaelewa hayo tangu alipoachishwa ziwa, na sisi ndio tuliobaki nyuma. Historia inasema vingine. Maneno hayo yalimshinda kwanza Mwingereza mwenyewe, na amepambana nayo kwa zaidi ya miaka mia sita.

Turudi mwaka 1066. Mwaka huo William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa, akamshinda mfalme wa Uingereza katika vita vya Hastings, akatwaa nchi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakuja kuponya mtu. Mabwana wapya walisema Kifaransa. Makasisi na makarani waliandika Kilatini. Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya shambani na jikoni. Alama za zama zile zipo hadi leo katika chakula. Ng'ombe akiwa malishoni na mchungaji wake huitwa "cow", neno la wenyeji. Akifika mezani kwa bwana huitwa "beef", neno la Kifaransa. Kondoo naye ni "sheep" zizini na "mutton" sahanini.

Mahakamani ikawa hivyo hivyo. Mkulima wa Kiingereza aliyeshitakiwa alisimama akawasikiliza mawakili wakibishana juu ya shamba lake kwa Kifaransa, huku karani akiandika kwa Kilatini. Alijua ameshinda au ameshindwa kwa kutazama nyuso za watu.

Malalamiko yalizidi, na mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward wa Tatu, Bunge lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kifaransa hakijulikani sana katika nchi, na watu wanaodai na kudaiwa hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Lakini, ndugu msikilizaji, sheria hiyo ya kukiondoa Kifaransa iliandikwa kwa Kifaransa! Tena ikaagiza kwamba kumbukumbu za mashauri ziendelee kuwekwa kwa Kilatini. Mawakili nao waliendelea na mazoea yao kwa karne nyingine tatu.

Katika mchanganyiko huo ndimo yalimozaliwa maneno mapacha yanayojaza karatasi za sheria. Wosia kwa Kiingereza cha wenyeji ni "will", na kwa neno lililotoka katika Kilatini ni "testament". Mwanasheria akaandika yote mawili, "will and testament". Mali ni "goods" kwa mwenyeji na "chattels" kwa yule aliyesema Kifaransa. Ikaandikwa "goods and chattels". Msomaji wa leo hudhani kwamba maneno mawili ni mambo mawili, akaumiza kichwa akitafuta tofauti, na mara nyingi tofauti yenyewe ni ndogo au haipo kabisa.

Yapo pia yale tunayoyasikia hapa mjini kila siku, na watu huyatamka kwa heshima kama dua. "Alibi" ni Kilatini cha "mahali pengine", basi. Mshitakiwa anasema siku ya tukio hakuwapo pale, alikuwa mahali pengine. "Affidavit" ni "ameapa", ndiyo maana kwa Kiswahili tunaiita hati ya kiapo. "Subpoena" ni "chini ya adhabu": njoo utoe ushahidi, usipokuja utaadhibiwa. "Caveat", ambayo mwenye kiwanja huiogopa kama moto, ni "na ajihadhari". Na "mortgage" ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale, "rehani iliyokufa". Wanasheria wa zamani walieleza hivi: mdaiwa asipolipa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mdai. Ukiyavua maneno hayo joho lake, unakuta ndani yake mna mambo ambayo bibi yako angeyaeleza kwa sentensi moja.

Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza. Bunge lililobaki likatunga sheria mwaka 1650 kwamba vitabu vya sheria na shughuli zote za mahakama viwe kwa Kiingereza. Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660, sheria za Bunge lile zikatupwa, na Kilatini kikarudi kwenye meza ya karani. Ilibidi kungojea sheria nyingine ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndipo kumbukumbu za mahakama zikaandikwa kwa Kiingereza moja kwa moja. Hesabu mwenyewe: tangu 1362 hadi 1733 ni miaka 371, kwa jambo dogo la mtu kuweza kusoma alichoshitakiwa. Hata hapo, maneno mengi ya zamani yalibaki palepale. Yalibadilishwa nguo tu.

Nje ya mahakama nako hapakuwa shwari. Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza waliingiza maelfu ya maneno kutoka Kilatini na Kigiriki. Wapinzani wao waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino siku hizo uliwekwa katika pembe ya mnyama, na mwenye maneno mengi alihitaji wino mwingi. Mwaka 1553 Thomas Wilson alichapisha kitabu cha ufundi wa kusema, na ndani yake akaweka barua ya mzaha iliyojaa maneno hayo, ili watu wacheke. Cha ajabu ni kwamba baadhi ya maneno aliyoyacheka, kama "celebrate" na "dexterity", leo ni ya kawaida kabisa. Mengine, kama "ingent", lenye maana ya kubwa sana, yalikufa yakasahauliwa. Mwenzake John Cheke, mwalimu wa Kigiriki huko Cambridge, alijaribu kuitafsiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya wenyeji matupu. Badala ya "crucified" aliandika "crossed". Watu hawakumfuata.

Kisha akatokea mtu mmoja ambaye ningependa tumkumbuke. Robert Cawdrey alikuwa mwalimu wa shule, na kabla yake alikuwa mchungaji aliyevuliwa kazi yake na kanisa. Mwaka 1604 alitoa kitabu kidogo chenye maneno yapatayo 2,500, na hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Hakuweka humo maneno rahisi. Aliweka magumu tu, na kila moja akalifafanua kwa neno moja au mawili ya kawaida. Juu ya jalada alisema amewaandikia wanawake na watu wengine wasio na elimu kubwa, ili waelewe maneno magumu watakayoyasoma au kuyasikia katika Maandiko, katika mahubiri na kwingineko. Wanawake wakati huo hawakupelekwa katika shule za Kilatini. Kwa hiyo kamusi ya kwanza ya lugha hii haikuandikwa ili mgeni ajifunze Kiingereza. Iliandikwa ili Mwingereza aelewe Kiingereza kinachosemwa mbele yake.

Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755 yenye maneno zaidi ya 40,000, alikuwa bingwa wa lugha. Hata hivyo alipofika kwenye neno "network", jambo jepesi la nyuzi zilizofumwa kama wavu, alilieleza kwa maneno kama "decussated", ambayo msomaji alipaswa kuyatafuta tena katika kamusi ile ile! Basi hata fundi mkuu alijikwaa.

Vita hiyo iliendelea hadi karne iliyopita. Mwaka 1948 Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa muda mrefu, alitoa kijitabu kilichoombwa na Hazina ya Uingereza, cha kuwafundisha maofisa kuandika barua zinazoeleweka. Mwaka 1979 mama mmoja wa Liverpool, Chrissie Maher, aliyejifunza kusoma akiwa tayari kijana mkubwa, alikwenda London mbele ya Bunge, akachanachana mamia ya fomu za serikali hadharani, na hapo ikaanza kampeni yake ya kudai Kiingereza cha wazi. Na mwaka 1999 mahakama za madai za Uingereza, kufuatia mageuzi yaliyoongozwa na jaji Lord Woolf, zilibadilisha maneno yao. Mdai, aliyekuwa akiitwa "plaintiff", sasa akaitwa "claimant". Hati ya kufungua madai, iliyoitwa "writ", ikawa "claim form", yaani fomu ya madai.

Sasa tujitazame sisi. Sheria ya Kiingereza iliingizwa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Pamoja na sheria yakaja maneno yake yote, mapacha kwa mapacha, kabla wenyewe hawajayasafisha. Tukarithi nyumba pamoja na buibui wake. Nasi tumeanza kufagia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inampa mshitakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Tanzania, ambako mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikitumika pale haki inapokihitaji.

Hilo ni jema, lakini tusidhani kwamba kazi imekwisha. Waingereza walishinda mwaka 1362, wakashinda tena mwaka 1650 na mwaka 1731, na bado mwaka 1979 mama yule alikuwa na fomu za kuchana. Lugha ilibadilika, ila tabia ya kuficha maana ilijua kuhama nyumba. Kiswahili nacho kinaweza kuandikwa kwa namna ambayo fundi cherehani asiambulie kitu. Ukimwandikia "kwa pamoja na kwa mmoja mmoja" bila kumweleza kwamba atadaiwa deni lote, umemwacha gizani kwa lugha ya mama yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, shika kalamu, lakini usiinamishe kichwa. Weka kidole juu ya neno usilolijua, na hasa juu ya lile unalodhani unalijua, kama "several" ya yule binti. Kisha sema: "Nieleze hili kwa maneno ya kawaida, na uniambie nitalipa shilingi ngapi mambo yakiharibika." Akikueleza, mshukuru. Akishindwa, au akikasirika, rudi nyumbani na kalamu yako. Kuuliza si ujinga. Wafalme wa Uingereza walilazimika kuwatungia watu wao sheria kwa sababu ya swali hilo hilo, na kamusi ya kwanza ya Kiingereza iliandikwa ili kulijibu.

Yule mzee bado analipa. Kila mwisho wa mwezi hufunga cherehani yake mapema, akaenda kupeleka fedha. Nilipomweleza habari ya wakulima wale wa Kiingereza waliosimama mahakamani bila kuelewa, alicheka kidogo, akaniuliza: "Kumbe na wao?"

Ndiyo, mzee wangu. Na wao.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.