Mwalimu wa Kwaya na Mafunzo ya Sauti ya Mtu Mmoja: Mlangali katika Historia ya Uimbaji wa Nyanda za Juu za Kusini

Mwimbaji wa Mlangali, wilayani Ludewa, anayetaka kufundishwa sauti yake peke yake, nje ya mazoezi ya kwaya, hukabiliwa na tatizo ambalo haliwezi kuelezwa kwa umbali na ukata pekee. Walimu wa uimbaji wapo katika kila usharika na parokia ya mkoa wa Njombe. Walimu hao hufundisha wimbo. Namna ya kuvuta pumzi, kuliweka koo na kuilinda sauti isichakae si sehemu ya kazi waliyorithi. Hoja ya insha hii ni kwamba pengo hilo lina historia, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika mbinu moja ya kufundishia iliyofanikiwa kuliko ilivyotarajiwa.

Wamisionari wa Shirika la Berlin waliingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, kisha wakaenea Ukinga na Ubena, ambako Kidugala ilikuja kuwa kituo muhimu cha kufunzia walimu. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walianzisha Peramiho mwaka 1898, na utume wao ukapanda hadi Upangwa na Ubena, eneo ambalo tangu 1968 limo katika Jimbo Katoliki la Njombe. Waanglikana nao wana kituo cha Milo katika Upangwa huohuo. Madhehebu haya yalitofautiana katika mengi, lakini yote yalihitaji waumini wengi waimbe kwa pamoja, tena upesi, na kazi hiyo ikamwangukia mwalimu wa shule ya misheni, ambaye asubuhi alifundisha kusoma na jioni aliimbisha.

Hapa ndipo tonika solfa inapostahili kuangaliwa kwa makini. Mfumo huu, ulioenezwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover, huandika muziki kwa herufi za kawaida: d, r, m, f, s, l, t. Hauhitaji mistari mitano wala mitambo maalumu ya kupigia chapa. Ubao na chaki vinatosha, na baadaye taipureta. Mwalimu mmoja aliweza kuwaongoza watu arobaini kwa fimbo mbele ya chati. Ni kwa njia hii muziki wa makwaya ulisafiri kusini na mashariki mwa Afrika. Hata tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliyoitunga Enoch Sontonga huko Johannesburg mwaka 1897, ilitoka katika mazingira ya mwalimu wa shule ya Kimethodisti na kwaya yake.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama ambayo wanahistoria wa muziki wa kanisa hawajaipa uzito unaostahili. Katika tonika solfa, do huhama. Karatasi huonyesha mwanzoni do iwe wapi, lakini maelekezo hayo humfaa mwenye kinanda au uma wa kupimia sauti. Asiye navyo huitoa do kifuani mwake. Kwa hiyo kwaya nzima huimba katika kimo kinachomfaa mwalimu, na mwalimu huyo, kwa sehemu kubwa ya historia hii, alikuwa mwanamume. Akiipandisha do kidogo ili wimbo uchangamke, wanawake wa sauti ya kwanza hulazimika kukaza koo. Akiishusha, besi hunguruma bila kusikika. Anayeumia hudhani kwamba hajui kuimba. Mbinu iliyowezesha kijiji kizima kusoma muziki haikuwa na nafasi ya kuuliza koo la mtu mmoja linaweza nini.

Ugawaji wa sauti nao ulifuata mahitaji ya kundi. Anayeingia kwaya hupimwa kwa ngazi chache za solfa, kisha hupelekwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na mara nyingi hubaki hapohapo miaka yote, ingawa sauti hubadilika kwa umri. Ya mvulana huvunjika anapobalehe, na ya mwanamke huongezeka uzito kadiri miaka inavyopita. Kwa upande wa Wakatoliki kulikuwa na utata wa ziada. Waraka wa Papa Pius X wa Novemba 1903 uliwaondoa wanawake katika kwaya ya kiliturujia na kuagiza sauti za juu ziimbwe na wavulana. Kanuni hiyo ililegezwa rasmi na Papa Pius XII mwaka 1955. Ni ajabu kwamba waimbaji ambao leo ndio nguzo ya kwaya za parokia hawakutajwa na sheria ya zamani ila kwa kukatazwa.

Mtu aliyeuona mgongano huu mapema kutoka ndani ni Padri Stephen Mbunga wa Peramiho, ambaye kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilichapishwa mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha Konstitusio ya Liturujia. Suala lililomshughulisha lilikuwa haki ya muziki wa Kiafrika kuingia ibadani. Lilihusu sauti pia, hata kama si kwa jina hilo. Lugha kama Kibena na Kihehe hutumia toni, hivyo tuni ya Kijerumani inapopanda mahali ambapo neno linashuka, mwimbaji huchagua kati ya maana na melodia. Kiswahili, kisicho na toni, kiliondoa tatizo hilo, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo iliyorahisisha ushindi wake katika vitabu vya nyimbo. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya tuni za Kiafrika katika *Tumshangilie Mungu* mwishoni mwa miaka ya 1960. Wote wawili walibadili kinachoimbwa. Namna ya kumfundisha mwimbaji ilibaki ileile.

Isidhaniwe kwamba fundi wa sauti ya mtu mmoja ni wazo geni kwa Waswahili. Pwani lilikuwapo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alipohamia mjini alifundishwa kuimba na mwanamuziki aliyekwisha kuitambua sauti yake, na mwaka 1928 alirekodi sahani za santuri Bombay. Taarabu ilimhitaji mwimbaji mmoja anayetambulikana, hivyo ikamtafutia mwalimu. Ibada ya misheni ilihitaji safu nne zinazolingana.

Hata hivyo, katika kwaya za nyanda za juu kuna mtu mmoja ambaye hufundishwa peke yake: mwalimu ajaye. Huyu hubaki wengine wakishaondoka, huonyeshwa jinsi ya kutoa do, hupewa daftari la nyimbo anakili, na hurekebishwa bila kuaibishwa mbele ya kundi. Hakuna ada, kwa kuwa mwalimu wa kwaya kwa kawaida ni mtu wa kujitolea anayeishi kwa shamba lake au kwa ualimu wa shule. Mafunzo ya faragha yamo, basi, lakini mwalimu ndiye anayemchagua mwanafunzi. Msichana wa sauti ya kwanza anayekauka sauti kila Pasaka hana mlango wa kuyaombea.

Vyuo vilivyoanzishwa baadaye vilifungua mlango mwingine. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilifunguliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 2002. Makumira hufundisha muziki kwa ngazi ya shahada. Vyote viko mbali na Ludewa. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam pekee ni takriban kilomita 700. Mlangali anayesikika kwanza ni mhitimu mmojammoja anayerudi nyumbani, akaketi katika mazoezi ya jioni, na kabla ya wimbo kuanza akamwomba mwalimu wake wa zamani ashushe do kwa nusu toni.