Luzira: bia, muziki na njia ya mwenye kiwanda kidogo

Luzira ni kitongoji cha kusini-mashariki mwa Kampala, kando ya Ziwa Victoria. Nje ya Uganda jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya gereza kuu, lakini Waganda wengi hulihusisha pia na bia. Kampuni ya Uganda Breweries ilianzishwa mwaka 1946, na kiwanda chake kipo hapo hadi leo. Bia yake maarufu, Bell, ina jina la bandari jirani ya Port Bell. Bandari nayo iliitwa hivyo kwa heshima ya Hesketh Bell, aliyeongoza utawala wa Uingereza nchini humo kuanzia 1906 hadi 1909. Mnywaji anayeagiza chupa ya Bell humtaja mtawala huyo wa kikoloni, aghalabu bila kujua.

Upishi wa pombe, hata hivyo, haukuletwa na kiwanda. Katika Buganda, ndizi za aina ya mbidde huivishwa, hukandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji, kisha huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa zichachuke katika chombo kirefu cha mti kama mtumbwi. Pombe hiyo huitwa tonto. Wahamiaji kutoka mashariki na kaskazini walikuja Kampala na malwa, pombe ya ulezi. Unga wa ulezi huchachushwa, hukaangwa, hukaushwa juani na kutiwa kimea. Wanywaji hukizunguka chungu kimoja, humimina maji ya moto na kunyonya kwa mirija mirefu. Kazi hii kwa kiasi kikubwa imekuwa ya wanawake, na mapato yake yamelipia karo na kodi za nyumba nyingi. Kwa maana hiyo, biashara ndogo ya pombe inayomilikiwa na Mwafrika ni ya zamani kuliko bia ya chupa. Kilichokosekana ni leseni na mtaji.

Sheria ndizo zilizoweka mpaka huo. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliosainiwa na mataifa yenye makoloni, ulilenga kuwanyima Waafrika pombe kali. Waganda waliendelea kuchemsha yao kwa siri, na ikapata jina la waragi, ambalo wengi husema limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Baada ya uhuru, serikali ilitunga sheria iliyowataka wapishi wa enguli, yaani waragi ghafi, wawe na leseni na kuuza kwa kiwanda rasmi ili isafishwe. Kutokana na mpango huo ikazaliwa Uganda Waragi, chapa ambayo baadaye iliingia mikononi mwa Uganda Breweries. Mapishi ya uani hayakukoma, na ukosefu wa usimamizi umegharimu maisha: mwezi Aprili 2010, waragi iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 80 kusini-magharibi mwa nchi, hasa Kabale.

Bia na muziki wa Kampala vimekuwa majirani. Barabara ya zamani ya Port Bell, iliyounganisha bandari na jiji, ndiko ilikokuwa klabu ya Obbligato, ambako Afrigo Band ilipiga muziki kwa miaka mingi. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka Cranes Band, akiwemo mpulizaji saksafoni Moses Matovu. Baa huiishi bendi, na bendi huijaza baa; anayetaka kuuza bia yake mwenyewe mahali penye muziki anafuata desturi iliyokwishazoeleka.

Ugumu uko kwingine. Bia inayouzwa rasmi inahitaji alama ya Shirika la Viwango la Uganda na, tangu mwaka 2019, stempu za kodi za kidijitali. Kwa miaka ya karibuni, bia ya kimea imetozwa ushuru wa asilimia 60, wakati ile ambayo angalau asilimia 75 ya malighafi zake, bila kuhesabu maji, ni za nchini imetozwa asilimia 30. Unafuu huo ni wa maana sana kwa mtu mwenye matangi mawili au matatu, na humpa mkulima wa mtama soko. Luzira ina tatizo lake la ziada, nalo ni maji. Mfereji wa Nakivubo humwaga uchafu wa jiji katika Ghuba ya Murchison, ambako pia huchotwa maji ya kusafishwa Ggaba. Mpishi wa bia hulipia maji safi yanayoingia, na hawajibiki kidogo kwa yale machafu yanayotoka.

Nchini Kenya, Tabitha Karanja alianzisha Keroche huko Naivasha mwaka 1997 kwa kutengeneza mvinyo wa bei nafuu, kisha mwaka 2008 akaingia kwenye soko la bia kwa chapa ya Summit, dhidi ya kampuni kubwa ambayo ndiyo pia inayomiliki kiwanda cha Luzira. Mwaka 2022 mamlaka ya mapato ilikifunga kiwanda chake kwa madeni ya kodi, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa seneta wa Nakuru. Yeye alianza na mvinyo. Mpishi wa Luzira anaweza kuanza na malwa, ambayo wateja wanaijua tayari na ambayo, kama pombe nyingine za kienyeji zisizochujwa, hutozwa ushuru mdogo kuliko bia ya kimea.